Tanuri Lina Majivu ya Moto

Mama Waleed,

Mzee wako amekwenda Garsen kutafuta jibini ya piza. Donge la unga liko chini ya kitambaa, usilifunue, linaumuka. ~~Tanuri jipya usiliguse mpaka arudi.~~ Tanuri liwashe alasiri kwa kuni za mathenge, maana inaonekana umeshalizoea.

Si wewe uliyewaambia majirani amejenga kaburi la kiboko uani? Alinuna, kwani udongo ule wa kichuguu aliukanda kwa miguu yake mwenyewe. Leo asubuhi kalichungulia tanuri, akakuta majivu ya moto na makombo ya mkate wako wa kumimina! Majirani atawaambia kiboko kafufuka, kaoka, karudi mtoni. Jina lako halitajwi.

Ila kesho ukiamka kuoka, mwamshe naye. Mkate ule huliwa moto.

Mzee wako, Baba Waleed