Mstari Mfupi wa Mzee Gathogo

Jumapili jioni, Julai 1997. Jericho, Nairobi.

Baridi ya leo haina adabu. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, viatu vyangu viko kando ya jiko la makaa vinafuka mvuke, na nina hasira ambazo hata chai haijazituliza. Baba Nekesa amekaa chumba cha pili na redio yake. Tumeishi katika nyumba hii ya kanjo, ya baraza la jiji, tangu binti yetu Nekesa akiwa mgongoni, na sikumbuki siku nyingine niliyotamani nisisikie hata kikohozi cha mume wangu.

Nimemchukia leo. Naandika hivyo ili kesho nisijidanganye kwamba nilikasirika kidogo tu.

Mambo yenyewe ni ya vita, wala si vita vyetu. Ni vya kusini mwa Sudan. Wakubwa wa chama chetu walituma neno kwa matawi yote: kabla ya mkutano wa wajumbe, kila tawi liseme chama kiwaunge mkono wanaotaka bunduki zinyamaze sasa na watu waketi wazungumze, au wanaotaka kupigana mpaka ushindi. Ungedhani watu wa Jericho hawana la kusema kuhusu Sudan. Tulikaa wiki nzima tukitukanana.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyejali Sudan. Huku kwetu wakubwa wamegawanyika. Wengine wanataka tuketi na serikali kuhusu katiba, wengine wanasema kuketi nayo ni kujiuza. Mwenyekiti wa tawi letu, Mzee Gathogo, ni wa hao wa pili. Akikubali kwamba Wasudani wazungumze na adui wao, kesho ataulizwa kwa nini sisi tusizungumze na wetu. Kwa hiyo akaamua Wasudani wapigane. Mzee huyu ana bucha hapa karibu na stendi, na damu pekee aliyowahi kuiona ni ya mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko, lakini ukimsikia akieleza mapambano utadhani ametoka msituni jana.

Ningemcheka tu nikaendelea na cherehani yangu, kama si Deng.

Deng ni mume wa Nekesa. Aliingia Kenya kwa miguu akiwa kijana mdogo, akapitia kambi ya wakimbizi, akasoma, na sasa anafundisha hesabu katika shule moja ya mabati kule Mukuru kwa Njenga, anakoishi na binti yangu na mtoto wao. Watu wa kwao wanaotafuta wapiganaji wamemwandama tangu mwaka jana, wakimwambia arudi, na yeye amekuwa akikataa. Hayo yote huniambia Nekesa, maana mimi na Deng hatuzungumzi sana. Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono, hawali meza moja, wala mama mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwe. Kwao Deng pia ni hivyo. Tumeheshimiana kwa kukaa mbali, na huko huko mbali nimempenda kama mwanangu.

Mzee Gathogo ndiye aliyemwalika ukumbini leo baada ya ibada. Alitaka Msudani halisi asimame mbele ya wanachama aseme watapigana, watu wapige makofi, jambo liishe. Hakumuuliza kwanza atasema nini. Watu wa aina yake hawaulizi.

Deng akasimama, kofia mkononi, akasema pole pole kama anavyosema kila kitu: "Kuna ndugu zangu niliowazika, na kuna wengine sikupata nafasi ya kuwazika. Ushindi ukija kesho, hao hawaamki. Mimi naomba bunduki zinyamaze kwanza."

Kisha Mzee Gathogo akacheka, kicheko chake kile cha kumwaibisha mtu mbele za watu. Akasema kuna wanaume wanaopigana, na kuna wanaume wanaokula ugali wa Nairobi huku wenzao wakipigana. Kijana wake mmoja akadakia kutoka nyuma, "Huyo ni mwoga, buda. Si arudi kwao kwanza, ndio akuje kutuambia?" Wakacheka. Deng akaketi. Nilimwona akiikunja ile kofia na kuikunjua, nikaangalia kando, maana hata kumtazama sana si heshima.

Ikaja kura. Mzee Gathogo akasema karatasi ni kupoteza wakati, tupange mstari.

Mstari. Sisi, chama kilichozaliwa kwa kulaani mlolongo!

Mwaka ule wa themanini na nane tuliambiwa tupige kura kwa kupanga mstari uwanjani nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, na mistari mifupi ikatangazwa kuwa mirefu. Baba Nekesa alikuwa katika mstari uliozunguka uwanja mzima, akaambiwa mtu wake ameshindwa. Alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake, hakula. Hadithi hiyo huisimulia kila Krismasi, na Nekesa alikuwa akimmalizia sentensi. Ndiyo iliyomwingiza katika chama. Leo nilimtazama pale mbele nikidhani atasimama apinge. Akashika kalamu yake akangoja.

Wageni wakaombwa watoke, kwa kuwa si wanachama. Deng akaenda kusimama nje kwenye manyunyu. Waliotaka mazungumzo wakapanga upande wa dirisha, waliotaka vita wakapanga karibu na jukwaa. Nilikwenda dirishani. Mbele yangu alikuwa fundi viatu wa hapa kona, nyuma yangu akina mama wa mboga, na mstari wetu ukafika kwenye mlango uliofungwa, ukakosa nafasi, ukapinda kurudi ndani. Ule wa Mzee Gathogo ulikuwa vijana wake na wazee wachache wanaopenda supu ya bucha yake. Hata mtoto wa chekechea angeona.

Mwenye kazi ya kuhesabu ni katibu wa tawi. Katibu wa tawi ni Baba Nekesa.

Alipita akitugusa mabega. Aliponifikia macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu. Akapita na kwa wale wengine, akaenda kumnong'oneza mwenyekiti, kisha akatangaza kwa sauti yake ile ya kusoma matangazo kanisani kwamba tawi la Jericho limeamua watu wapigane mpaka ushindi.

Nikasema kwa sauti, "Hesabu tena."

Mzee Gathogo akanijibu kwamba katibu ameshahesabu, na kama nina neno na katibu basi nikalimalizie nyumbani. Watu wakacheka. Wale wale waliosimama mstari mmoja nami wakaangalia chini. Mkutano ukafungwa kwa maombi, na Mungu awasamehe hao, mimi bado.

Kila mtu hapa mtaani anajua Baba Nekesa ameahidiwa na Mzee Gathogo kusimama udiwani. Nilijua na mimi. Nilikuwa hata nimeanza kumshonea suti.

Nilipotoka Deng alikuwa ameondoka. Alisikia tangazo kupitia dirisha la juu, mistari yenyewe hakuiona. Nikajifunga leso kichwani nikatembea mpaka Mukuru katika matope yale, nikamkuta Nekesa mlangoni na mtoto begani, macho mekundu. Akaniambia Deng anapakia nguo. Kuna lori la kwenda Lokichogio, karibu na mpaka wa Sudan, kesho asubuhi, na amewaambia wale wanaomwandama wamwekee nafasi.

Nekesa akashusha pazia la mlangoni, akanipa mtungi wa plastiki nikaukalia nje chini ya mabati. Nikamwambia Deng kupitia pazia yote yaliyotokea alipokuwa nje. Nikamwambia watu wengi mle ndani walisimama upande wake, mpaka mstari ukapinda.

Kisha akasema, "Asante, Mama. Unasema hivyo kwa sababu wewe ni mama."

Nikaapa. Akasema ananiheshimu, lakini amesikia kwa masikio yake ukumbi mzima ukimwita mwoga. Halafu akasema neno ambalo limenitafuna njia nzima ya kurudi: "Aliyetangaza ni Baba. Baba hawezi kucheza na hesabu ya mstari. Si yeye aliyenisimulia habari za mlolongo?"

Mimi na pazia. Nikaamka kwenye mtungi, nikashika njia.

Nilipofika hapa nilimkuta Baba Nekesa anakula. Nikamwambia. Akasema, "Ni karatasi tu, Mama Nekesa. Nani huko juu atasoma maneno ya Jericho kuhusu Sudan?"

"Deng ameyasikia. Anapakia nguo."

Akaweka tonge chini. Akaniuliza anakwenda wapi, ingawa anajua. Kisha akasema akitengua matokeo leo Mzee Gathogo atammaliza, na udiwani umekwenda, na miaka yote aliyotembea kwa ajili ya chama imekuwa bure. Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, nami kwa muda nikamhurumia. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Huyu si mtu mbaya. Ni mtu aliyeibiwa mstari wake, na alipopewa kalamu akaiba wa mwenzake.

Nikamwambia binti yake atakuwa mjane kwa ajili ya supu ya Gathogo. Akaamka akaenda kwenye redio.

Hata sijui vita vya Sudan vitaishaje, wala nani ana haki zaidi. Labda wenye kutaka kupigana wana sababu zao, huko kwao, ambako nyumba zao zinachomwa. Basi waseme wao. Mwenye bucha Jericho asipeleke mume wa mwanangu vitani ili ashinde ubishi na wenzake wa chama.

Redio imezimwa sasa. Najua hajalala, nasikia kitanda.

Nimeshaamua. Kesho alfajiri nitamwamsha. Tutakwenda Mukuru kabla lori halijaondoka, na kwa kuwa yeye ni baba na anaruhusiwa, ataingia ndani amwambie Deng ni mstari upi uliokuwa mrefu. Akikataa nitakwenda peke yangu. Sitakaa tena kwenye mtungi. Nitalifungua lile pazia, niingie ndani ya nyumba ya mkwe wangu, nimtazame usoni na nirudie yale yale niliyomwambia leo. Watu wa kwetu watanisema mpaka nife, na watakuwa na haki.

Lakini Deng anajua maana ya mama mkwe kukanyaga pale. Hakuna anayevuka mlango ule ili aseme uongo.