Mjukuu Wangu Bondia Hahemi, Mbona Anashindwa?

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba leo si wa mume wala wa mawifi, hao nilishamalizana nao zamani, ni wa mjukuu wangu wa kike ambaye ni bondia, tena bondia wa kweli, si wale wa kupiga picha na glavu shingoni, na mtaa mzima unamwita Tingatinga, na mimi ndiye niliyemlea tangu anatambaa kwa sababu mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali, kwa hiyo ukimwona amesimama wima mbele za watu ujue ni mkono wangu.

Shule sikufika mbali, mwandiko utanisamehe, lakini kukimbia nilikimbia. Nilipokuwa msichana kwenye kiwanda cha nguo tulikuwa tunashindana kiwanda kwa kiwanda, mbio ndefu, na wasichana wa viwanda vingine sura yangu hawakuijua, walijua kisogo tu. Basi huyu mtoto alipoanza ndondi kwenye banda la nyuma ya gereji nikasema sawa, pigana, ila pumzi nitakupa mimi. Kila alfajiri anatoka mlangoni kwangu, anapita ukuta wa stendi, anapanda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, na ili asinidanganye nimepatana na mlinzi wa tangi, akimwona amepita ananibipu, nami najua chai niipashe wakati gani. Halafu jioni ndiyo anakwenda kwa kocha wake.

Kocha hataki. Yeye anamtaka aruke kamba, akimbie kipande kifupi kama anafukuzwa na mbwa, asimame, apumzike, arudie. Nikamwambia mjukuu wangu hizo ni mbio za kuwahi choo, wewe fuata zangu, na kocha akikuuliza kama unakimbia asubuhi sema unalala. Mtoto hajawahi kunibishia, akasema haya bibi.

Sasa sikia kilichotokea. Kwenye pambano la mwezi uliopita nilikaa mbele kabisa, na raundi zote mjukuu wangu hakuhema. Kengele ya mwisho inalia, yule mwenzake yuko hoi, mdomo wazi, watu wawili wanampepea kwa taulo, wangu anapumua kama mtu aliyekuwa amekaa barazani anashona vifungo. Nikasimama kushangilia. Refa akainua mkono wa yule anayepepewa. Mshauri, umewahi kuona wizi wa namna hiyo mchana kweupe? Nyumbani nikamuuliza mtoto kulikoni, akanijibu kwa sauti ya chini, "Bibi, mikono ilikuwa inataka kwenda, miguu ikawa inasema subiri." Nikamwambia huo ni uchovu wa kuonewa na majaji, ale alale.

Juzi kocha akamkuta barabarani karibu na tangi, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, nikampa kiti hakukaa. Akasema uteuzi wa timu ya taifa umekaribia, na bondia akipanda ulingoni na miguu iliyochoka ataumizwa, kwa hiyo mtoto achague, mazoezi yake au yangu, na akiendelea na yangu jina lake halipelekwi. Nikamuuliza hilo tumbo lake lilikimbia lini mara ya mwisho. Hakukasirika. Akasema, "Bibi, wewe ulikuwa mkimbiaji, sikatai. Lakini huyu si mkimbiaji." Akaondoka. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani mkononi, na kesho yake alfajiri nikamsikia anatafuta viatu kama kawaida, ila tangu siku hiyo hacheki, na huyu ni mtoto wa kucheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Nijibu bila maneno ya vitabu. Nimhamishe, nimtafutie kocha mwenye akili, au nifanyeje, maana nafasi hii ikimpita sijui kama ataipata nyingine. Na usiniambie sijui kukimbia.

Mimi bibi yake Tingatinga

JIBU

Shikamoo bibi. Heshima yako nimeshakupa, sasa kaa nikugombeze kidogo.

Kukimbia unakujua, hilo hakuna wa kukunyang'anya, na pumzi aliyonayo huyo binti umempa wewe. Nimemuuliza mwalimu anayefundisha wakimbiaji na mabondia pia, akasema msingi kama huo wengi wanautamani. Lakini msingi ukishakauka watu hupandisha ukuta. Wewe bado unamwaga zege.

Mkimbiaji wa mbio ndefu anaufundisha mwili kubania. Anagawa nguvu kidogo kidogo ili zimfikishe. Bondia kazi yake ni kulipuka, atumie nguvu zote ndani ya raundi, kisha kile kipumziko cha kwenye kiti kimrudishie za kulipuka tena. Hizo mbio unazoziita za kuwahi choo ndizo zinazofundisha hivyo. Asubuhi unaiambia miguu ibanie, jioni kocha anaiambia itumie, na hakuna siku inayopumzika. Unashangaa ikisema subiri?

Hukuibiwa, bibi. Yule aliyepepewa alitoa kila alichokuja nacho. Wako alirudi nacho nyumbani. Na alikueleza vizuri kuliko ninavyokueleza mimi, wewe ukamjibu habari za majaji.

La kumfundisha uongo ndilo limenikera zaidi. Kocha alikuwa anapima mazoezi akiamini mtoto amelala. Ukimficha, anamzidishia bila kujua, na kwenye ulingo anayepigwa kichwani si wewe wala kocha.

Usimhamishe. Leo jioni nenda mwenyewe kwenye hilo banda, useme mbele ya wote wawili kwamba uongo ulikuwa wako, mtoto asiubebe. Tumbo la kocha liache kama lilivyo. Muulize mbio ndefu anazitaka lini. Nadhani atakwambia baada ya uteuzi, mara moja moja, taratibu. Hizo ndizo zako, zisimamie kwa fahari yote, na hapo hata ukimpigia kelele barabarani nitakuunga mkono. Kwa sasa mlinzi wa tangi mwambie alinde maji.

Halafu acha kumsubiri mjukuu wako achague. Hatachagua. Kocha anamheshimu, lakini wewe ndiye uliyemlea, na ulimi wake haujawahi kukukatalia kitu. Ataendelea kukimbia mpaka jina lake liondolewe, na hata siku hiyo hatakulaumu. Kinachomnyamazisha ni hicho.

Kesho alfajiri utamsikia anatafuta viatu gizani. Usingoje afike mlangoni. Mwite, umwambie arudi kulala, leo hakimbii, ni wewe bibi yake uliyesema. Kocha hana uwezo wa kumwambia hivyo akatii, na mimi sina. Unao wewe peke yako.