Kabati Lako Limechelewa

Wifi yangu mpenzi,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Paa halivuji tena, na paka amezaa ndani ya sanduku la vifaa, sasa hakuna wa kugusa msumeno. Kabati lako bado halina milango. Tafadhali usimpigie kaka yako kelele.

Aliingiwa na kibanzi cha mbao jichoni akipiga randa. Jicho likawa jekundu, likamwasha. Nikakumbuka dawa yangu ya macho iliyobaki, ile niliyopewa nilipokuwa na mzio, nikamtia. Siku mbili akapata nafuu, akawa anawatambia wateja, "Daktari wangu yuko jikoni."

Siku ya tano likaota doa jeupe. Hospitali wakasema ni fangasi, na dawa aliyotiwa mwanzo ndiyo iliyowanenepesha. "Nani alikupa?" daktari akauliza. Kaka yako akadakia, "Nilijinunulia mwenyewe." Hakunitazama.

Sasa ana matone ya kuua fangasi, meupe kama maziwa mepesi. Natikisa kichupa, namtia kila saa. Daktari aliniita pembeni: matone yanazuia jicho lisitoboke tu. Kuona, basi tena.

Yeye hajaambiwa. Kila nikimtia anasubiri kidogo, anaziba lile jicho la pili, lililo zima, kwa kiganja, anageukia dirishani.

"Mke wangu, leo mwanga umeongezeka, au?"

"Umeongezeka," namjibu.

Ukipiga simu atakuhadithia. Nawe mwitikie, wifi.

Ni mimi,
daktari wa jikoni