Pole Niliyoituma kwa Watu Elfu Tatu

Shoga, kaa chini kwanza.

Unaijua ile orodha ya barua pepe ya wanaojifunza lugha ya kompyuta, mwalimu wa jioni alikotuandikisha? Ukijibu, wote wanapata. Watu elfu tatu.

Leo mchana mmoja kaandika: "Mtoto amekufa, mzazi bado anamsubiri. Nifanyeje?"

Mtoto amekufa! Nikapiga magoti hapo hapo stoo kazini, kisha nikamwandikia pole na sala ndefu. Mungu nimemtaja mara tisa.

Shoga, mtoto ni programu. Programu ikianzisha nyingine, ile ya pili huitwa mtoto.

Wa kwanza kajibu: "Amina. Kompyuta inazikwa lini?" Mwalimu naye: "Mama Sala, tutaonana darasani." Na ile pole haifutiki. Nimeuliza, haifutiki.

Hata kulia sijalia. Nikasema basi, darasani sirudi.

Sasa hivi mwenye swali kaniandikia peke yangu: "Dada, programu imepona. Ila mama yangu amelazwa. Ile sala inaweza kuhamishwa?"

Nimemjibu inahamishika, anipe jina la mama.

Aibu bado ninayo. Lakini daftari la darasani nimeshalitia mkobani.