Darasa Lenye Wa Kwanza Wengi

Mpendwa Manang Ising wa safu ya ushauri, naomba uniokoe kabla ya siku ya tuzo, maana nimezima simu na kuzima hakujasaidia. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, shule ya umma, huku kwenye mashamba ya miwa ya kisiwa cha Negros, na watoto wangu hukata tamaa mapema, basi nikaona niwatie moyo kwa simu, kila Ijumaa nimwandikie mzazi mmoja ujumbe wa kumsifu mwanawe, na Ijumaa ya kwanza nikamlenga mama yake Lovely Grace, mwanafunzi anayeongoza kweli, "Hongera, mwanao ndiye wa kwanza darasani," ila kidole kikateleza kikagusa orodha ya wazazi wote, na ujumbe ukaingia kila nyumba kama wa nyumba hiyo peke yake.

Ningesahihisha, lakini kulipokucha mabango yalishaanza kutundikwa, unatujua sisi Wafilipino na mabango ya hongera, picha ya mtoto ndani ya joho la kuazima, jina kubwa kuliko la diwani, na Nang Bebing mwenye duka, naye mzazi wa darasani kwangu, akaniuliza, "Madam, wa kwangu wa kwanza, wa jirani wa kwanza. Hiyo foleni yenu imepangwa kwa ubavu?" nami nikacheka kama mjinga nikanunua sabuni.

Anayeninyima usingizi ni Jomarie, anayeshika mkia, ambaye baba yake, Nong Tasyo, alikuwa ameshamtoa shule akakate miwa, na baada ya ule ujumbe akamrudisha mwenyewe, akaniambia getini, "Nilidhani kichwa cha huyu ni cha kubebea miwa tu, Madam. Kumbe mlikuwa mnanificha." Tangu hapo Jomarie hakosi, hesabu za sehemu zimeanza kumwingia, ingawa mkia bado ni wake, na nikisema ukweli atarudi shambani, nisiposema Nong Tasyo atakaa mbele ya jukwaa akingoja kuitwa amvishe mwanawe medali. Nifanye nini?

Madam wa Darasa la Sita

Madam,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Pole.

Kuteleza kidole si kosa. Kosa ni kukaa kimya mpaka mabango yanapauka kwa jua. Uliogopa aibu yako, ukaipa jina la huruma.

Wazazi wengine waandikie leo: nilikosea, samahani. Watakusema. Nang Bebing atakuwa wa kwanza, na huyo ni wa kwanza kweli.

Kwa Nong Tasyo usitume neno, nenda. Ila anza na Jomarie. Unadhani hajui? Mtoto anajua nani anamzidi darasani kuliko wewe mwenye kusahihisha. Amenyamaza kwa sababu anataka kubaki, na anahangaika uongo wako uwe kweli kabla hujaumbuka. Huo mzigo ni wako, mtue.

Kisha ukae uani kwao useme, "Nong, ujumbe ule haukuwa wako. Mwanao anashika mkia." Usipambe. Halafu mpe Jomarie hesabu ya sehemu aifanye mbele ya baba yake, aseme kwa sauti kila anachofanya. Nong Tasyo akifoka, mwache afoke, ana haki. Ukipewa wali, kula. Usiondoke kabla hujauliza, "Jumatatu anakuja?"

Akisema hapana, rudi kesho yake uulize tena. Mtoto alirudi darasani kwa kidole chako. Abaki kwa miguu yako.

Manang Ising