Siku Kumi za Kukausha Tanuru

Alhamisi, 12 Juni. Wiki ya saba tangu nitoke kwetu Kasenga.

Na ni mimi mwenyewe niliyejifungia njia ya kurudi. Jana nilimaliza tanuru la piza katika bustani ya patron aliyeniajiri, kuba la matofali na udongo wa kichuguu. Piza zake zitalala chini ya paa zima. Mimi chumba changu cha kupanga mtaani Kikula kina bati lililotoboka.

Asubuhi patron alikuja na simu mkononi. “Niko na bageni siku ya Mungu. Washa moto kesho, kisha wende kwenu.”

Kwetu! Jumapili hiyo mtoto wangu anabatizwa, na sijamwona tangu azaliwe. Ningeitikia tu, tanuru lingepasuka mimi nikiwa nimeshafika.

Lakini mdomo ulinitangulia. “Patron, udongo iko mubichi. Tuwashe moto kidogo kidogo, siku kumi.”

“Mu video banasema siku mbili.”

“Ya mu video sikujenga minye. Hii nilijenga minye.”

Alicheka. “Basi weye njo utabakia kuichunga.”

Nilimpigia mke wangu. Nilipomweleza, akasema, “Kumbe tanuru iko na baba, mutoto haina.”

Jioni nimewasha vijiti vitatu tu. Hakuna ufa hata mmoja. Nimefurahi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili padri atauliza baba yuko wapi, na mke wangu atamjibu kweli tupu: anakausha tanuru la watu.

Nitafika Kasenga Jumanne, tarehe 24.