Mbuzi Wangu Amenifanya Nabii

Yaya Mimi mpendwa, dada mkubwa wa sisi wote tunaoandikia gazeti lako, naomba unisaidie, na kabla ya kunisaidia naomba usicheke, maana ukianza kucheka hutafika mwisho wa barua, na shida yangu yenyewe iko huko mwishoni.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaaji wa Katuba, na Jumamosi nasali na wamama wenzangu kwenye kikundi cha maombi. Wazee wetu walitoka Kasai, sisi tumezaliwa hapa hapa Lubumbashi, lakini mambo ya mahari tunayafuata, na katika ukoo wetu kuna mbuzi wa mama, yaani mbuzi ambaye mkwe anamletea mama wa binti, yeye peke yake, si baba, si wajomba, na mbuzi huyo haliwi ovyo, anangoja ndugu za mama wakusanyike wamle pamoja, ndipo moyo wa mama unatulia. Gaëlle, binti yangu wa kwanza, alipoolewa, uwanja wangu ulikuwa mdogo, hata kuku wawili wakigombana mmoja lazima atoke nje, kwa hiyo mbuzi nilimpeleka kwa mdogo wangu Paulin, mwenye shamba kule Annexe, pembeni ya mji, na kabla ndugu zetu wa Kolwezi hawajafika Paulin akanipigia simu kwamba mbuzi amekufa kwa ugonjwa wa ghafla na ameshamzika. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu mama yetu marehemu alimwacha mdogo wangu huyo mikononi mwangu, ila nilipokwenda kumpa pole nilimkuta amenenepa.

Mwaka huu anaolewa Michelle, wa pili, na mkwe wetu Caleb ameleta mbuzi mweupe, mzuri kabisa, na mimi bado sina pa kumweka ila kwa Paulin. Ningemwambiaje mdogo wangu kwamba simwamini? Nikaenda mjini kwa muuzaji mmoja wa simu, akanionyesha kidude kidogo kama kiberiti, wanakiita traceur, unatia ndani laini ya simu, unakifunga kwenye kitu chako, kisha kwenye simu yako unaona ramani na nukta nyekundu, na nukta hiyo ndiyo kitu chako kilipo. Michelle alinipangia simu, akacheka, akaapa kunyamaza. Nikashona ukanda wa kitenge, kidude nikakificha ndani, nikamfunga mbuzi shingoni, nikamwambia Paulin ni alama tu, asije akachanganyika na mbuzi wa majirani.

Shida ndogo ilikuwa chaji. Kila baada ya siku chache kidude kinakufa, ikanibidi niwe naenda Annexe na Biblia mkononi na betri ya kuchajia ndani ya mkoba, namwambia Paulin nimekuja kumwombea mbuzi wa mtoto wangu, naweka mkono kichwani mwa mbuzi, nafumba macho, na waya umepita chini ya kitenge changu, na kwa kuwa chaji inajaa polepole, na maombi yakawa marefu.

Sasa siku moja nachambua karanga, natazama simu, naona nukta inatoka shambani inaelekea barabara kubwa. Nikampigia Paulin: "Mbuzi anatoka, anaenda ku barabara, kimbia." Akakimbia, akamkuta mbuzi karibu kabisa na malori. Akanirudia kwenye simu akihema, "Yaya, nani alikuambia? Uko Katuba, weye." Natafuta la kusema, na kabla sijalipata akalipata yeye: "Mungu njo anakuonyesha. Vraiment, kweli, yaya, Mungu njo anakuonyesha." Sikumkatalia kwamba ni Mungu ndiye anayenionyesha.

Baadaye nukta ikaanza kwenda upande wa soko la mifugo, mwendo wa polepole, mwendo wa mtu anayevuta kamba. Nikampigia nikasema, "Paulin, rudisha mbuzi ya mutoto wangu." Yaya Mimi, alipiga magoti katikati ya njia, watu wamemwona. Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye kikundi chetu, yeye ambaye hajaingia kanisani tangu ubatizo wake, akasimama mbele ya wamama wote akatubu kwamba mbuzi wa Gaëlle hakufa kwa ugonjwa, alimla na marafiki zake, na kwamba dada yake anaona kwa roho. Nililia kwa furaha, kwa sababu yule mbuzi wa kwanza alikuwa amenikaa kooni miaka yote hii. Wamama wakanizunguka wakiimba.

Basi wakaanza kuja nyumbani. Huyu ufunguo umepotea, yule mume anachelewa kurudi, na mimi nawaambia weka kwenye maombi, na maneno hayo hayajamdhuru mtu. Mara moja tu niliteleza, simu ilinionyesha mbuzi yuko juu ya nyumba ya jirani wa Paulin, juu kabisa ya mabati, nikapiga simu kwa haraka, kumbe mbuzi amelala kivulini upande huu wa ukuta, nikasema labda ni ishara kwamba jirani anahitaji maombi. Jirani akaambiwa. Nasikia hadi leo anafunga kula.

Sasa ndiyo nafika kwenye shida. Katika kikundi kuna Mama Dédé, mjane, mtoto wake ni huyo Dédé mmoja tu, mtu mzima, anakwenda Pweto kuchukua samaki wakavu na kuja kuwauza hapa. Safari hii amepitiliza sana na simu yake haipatikani. Mama Dédé alikuja asubuhi, akaketi, hakutaka hata maji ya kunywa, akasema, "Mama Gaëlle, miye siombi mambo mingi. Uniangalilie tu mutoto wangu. Iko muzima?" Nilitaka kusema sijui. Naapa, neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama usoni, nikasema, "Iko muzima, mama. Niko namuona pembeni ya mayi." Pweto iko kando ya ziwa, Yaya Mimi, kila mtu kule yuko pembeni ya maji.

Alinishika mikono akalia. Kumbe shemeji yake Gérard alikuwa apande lori kesho yake aende kumtafuta, na Mama Dédé amemwambia abaki, hakuna haja, mtoto ameonekana. Sasa anafua mashuka ya Dédé. Ananipigia simu kunishukuru, na mimi usiku nageuka huku na huku, mume wangu anafikiri naugua.

Maswali yangu ni haya. Je, kuna kifaa kinachoweza kumpata mtu ambaye hakukivaa? Muuzaji anasema hakuna, lakini huenda anaficha. Tena, harusi ya Michelle ni mwisho wa mwezi, na mama yake Caleb anaringa kila mahali kwamba mwanawe anaoa kwenye nyumba ya nabii, je, nikisema ukweli sasa hawatavunja kila kitu na kudai mbuzi wao? Siwezi kungoja harusi ipite? Na huenda Dédé atarudi mwenyewe kesho, na hapo ukweli hautahitajika tena. Naomba unijibu, na tafadhali ficha jina langu.

Mimi Mama Asiyelala, Katuba

*

Mama Asiyelala,

Nimecheka. Nisamehe. Nilicheka pale mbuzi alipokuwa akiombewa na waya chini ya kitenge, mwenzangu wa ofisini akatoka kwake kuja kuuliza kuna nini, tukacheka wawili. Tulipofika kwa Mama Dédé tukaacha.

Majina yote ya barua yako nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Mbuzi nimeshindwa kumbadilisha. Lubumbashi hii hakuna mbuzi wawili walioombewa hivyo, na kikundi chenu kizima kinasoma gazeti hili, kwa hiyo usijifariji sana na jina la kubuni.

Kwanza nikupe haki yako. Kidude ulikitumia vizuri kuliko wengi wanaoniandikia. Wake wanavificha ndani ya magari ya waume, waume ndani ya mikoba ya wake, kisha wananiletea mimi ramani niwatafsirie. Wewe uliweka kwenye mali yako, ukaokoa mbuzi asigongwe, ukamzuia mwizi ambaye ni damu yako, na mwizi akatubu kosa la zamani ambalo hukulitegemea. Hayo ni matunda, siyakatai. Lakini ungemwambia Paulin siku ya kwanza, "Mdogo wangu, huyu ana traceur shingoni, na unajua kwa nini," angemchunga mbuzi yule kwa heshima zote, na leo usingekuwa nabii. Ulikwepa aibu ya dakika moja mbele ya mdogo wako, ndiyo maana uko hapa.

Sasa sikiliza kidude chako kinajua nini. Kinapokea alama kutoka setilaiti huko juu, kinapiga hesabu ya mahali kilipo, kisha kinakutumia jibu kwa mtandao wa simu. Basi. Karibu na ukuta au chini ya mabati hesabu inayumba, ndiyo maana mbuzi wako alipanda juu ya nyumba. Mwambie yule jirani ale, leo hii, masikini wa watu. Chaji ikiisha hakijui kitu. Mtandao usipokuwepo hakisemi kitu. Na hata kikiwa kizima, kinasema kilipo chenyewe, hakisemi kimefungwa kwa nani. Siku Paulin angekifungua kile kitenge na kumvika mbwa, ungekuwa unachunga mbwa na kumshukuru Mungu.

Unaniuliza kama kuna kifaa cha kumpata mtu ambaye hakukivaa. Hakuna. Muuzaji hakufichi. Tena nikuambie jambo ambalo hukuuliza: hata kama Dédé angekivaa, njia ya Pweto ina sehemu ndefu zisizo na réseau. Nukta ingesimama mahali pa mwisho penye mtandao, na mama yake angekaa anaitazama. Ingemwonyesha mahali. Isingemwambia kama mwanawe anapumua. Wewe ulimwambia anapumua, Mama. Kidude kile cha plastiki kina adabu kuliko wewe, kwa sababu kisipojua kinanyamaza.

Najua hukutaka ubaya. Najua ule uso wa mama aliyekuja asubuhi na kukataa maji, nimeketi mbele ya nyuso kama hizo, na neno la faraja hutoka kabla akili haijafika. Ningekusamehe ulimi ule wa dakika moja. Ninachokukasirikia ni siku zilizofuata, kila simu ya shukrani uliyoipokea, na hili la kungoja harusi. Unapima huzuni ya Mama Dédé na fahari ya mama yake Caleb, na unaniomba mimi nishike mizani. Sishiki.

Kuhusu harusi, tulia. Caleb anamwoa Michelle. Mama mkwe akinuna kwa sababu amekosa nabii, atanuna kidogo, kisha atamsimulia kila mtu kisa cha mbuzi, na atakisimulia kwa kucheka. Na kama ni watu wa kuvunja ndoa kwa jambo hili, heri uwajue kabla mtoto hajahamia kwao. Mbuzi mle pamoja na ndugu zako wa Kolwezi, Paulin akiwemo, mpe kipande kidogo.

Sasa la kufanya. Usiende kwanza kwa kikundi, wala kwa mchungaji, wala usimtume Michelle. Nenda kwa Mama Dédé, peke yako, na simu yako na ule ukanda wa kitenge. Usianze na Mungu. Anza na mbuzi. Mwonyeshe nukta, mwonyeshe ramani, aelewe kwa macho yake mwenyewe ulikuwa unaona nini, kisha useme waziwazi, "Mama Dédé, miye sikumuonaka Dédé. Nilikudanganya. Sijui iko wapi." Usiongeze "lakini moyo wangu unaniambia yuko salama." Moyo wako umeshasema vya kutosha. Atalia, huenda atakufukuza, huenda atakutukana mbele ya majirani. Kaa. Akimaliza, mwombe picha ya Dédé, mchukue Gérard, mwende wote watatu pale yanaposhusha mizigo malori ya samaki yanayotoka Pweto. Madereva wa njia ile wanajuana wote, wanajua lori gani limekwama, nani alilazwa, nani alibaki ng'ambo gani. Waulizeni mmoja mmoja, waachieni picha na namba. Lori la kwanza linalorudi kule, Gérard awe ndani. Jumamosi ndipo usimame kwenye kikundi na kuwaambia wamama wale wakatafute funguo zao wenyewe.

Nilitaka kukuambia haya kwa sauti. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga jana na leo. Inaita, hupokei, labda unafikiri ni mtu mwingine anayetaka umwone kitu. Ndiyo maana nimekujibu hapa, mbele ya wote.

Mama Dédé leo amelala vizuri kwa sababu anafikiri kuna mtu anayemwona mwanawe. Hakuna anayemwona. Na tangu ulipofungua kinywa, hakuna hata anayemtafuta. Weka gazeti chini, vaa viatu, nenda.

Yaya Mimi